Lango la Maji la IJmuiden: Huduma Ikoje kwa Macho ya Mtu wa Feri

Baharia aliyezoea Dar huuliza kwanza maji: ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (madogo), yanajaa au yanakupwa? Akienda Amsterdam, swali hilo halimfikishi mbali. Meli hupitia kwanza IJmuiden, kwenye mdomo wa Noordzeekanaal, mfereji uliofunguliwa mwaka 1876, na hapo ndipo ilipo huduma tunayoipima: lango la maji, Waholanzi huliita sluis, yaani chumba chenye mlango kila mwisho ambamo meli hupandishwa au kushushwa na maji. Jipya lilifunguliwa Januari 2022. Urefu mita 500, upana 70, kina 18. Limechukua kazi ya lile la 1929, lenye mita 400 kwa 50.

Mtu wa Feri, pale kivukoni Dar, atauliza, wana bamvua gani hao? Ndogo tu. Tofauti ya kupwa na kujaa huko kwa kawaida haifiki mita 2, wakati kwetu bamvua hupita mita 3 na kushukia pantoni maji yakiwa yamepwa ni kushuka mlima. Tatizo lao ni nchi iliyo chini. Maji ya mfereji hutunzwa karibu sentimita 40 chini ya usawa rasmi wa Uholanzi wa kupimia vimo. Bahari ikijaa inakuwa juu ya mfereji, ikipwa inaweza kuwa chini yake. Lango hilo ni ukuta wa kuizuia bahari kwanza, njia ya meli baadaye. Asiyelijua hilo atalalamikia foleni bure.

Milango ya mifereji ya ndani mara nyingi ni ya mbawa mbili zinazokutana kwa pembe, ncha ikielekea upande wa maji ya juu, na maji yenyewe huzibana. Yakipanda upande wa pili, yanazisukuma zifunguke. IJmuiden shinikizo hugeuka na maji, kwa hiyo wakaweka kila mwisho mlango mmoja mzito unaokwenda kwa magurudumu juu ya reli na kujificha kwenye mfuko wake ubavuni: urefu mita 72, kimo 24, unene 11. Imetengenezwa mitatu, mmoja akiba. Hapo tunawapa alama zote, maana meli ikigonga mlango pasipo na akiba, bandari nzima inalala.

Wengi hudhani chumba hujazwa kwa pampu. Hapana, maji hushuka kwa uzito wake kupitia matundu yenye vali. Chukua lango la kawaida la ndani, mita 100 kwa 12, tofauti mita 2: ni lita milioni 2.4, yaani maboza 240 ya lita 10,000, kila linapojazwa. Vali hufunguliwa kidogo kidogo. Zikiachiwa ghafla, wimbi hukimbia chumbani huku na huku, meli inavutwa omo na tezi (mbele na nyuma) mpaka amari, kamba zake nene, zinakatika. Na mlango haufunguliwi kabla maji hayajalingana. Hata sentimita 10 za tofauti, kwenye mlango wa upana wa mita 6 uliozama mita 3, ni karibu tani 1.8 zinazousukuma.

Mpangilio wa vyombo ni mzuri. Nahodha huita kwa redio ya VHF, husubiri, kisha hufuata taa: nyekundu, kaa, nyekundu na kijani, jiandae, kijani, ingia. Nyekundu mbili juu na chini maana yake lango halifanyi kazi, usipoteze mafuta kuzungukazunguka. Meli za mizigo hutangulia. Mashua ndogo hupelekwa kwenye vyumba vya zamani upande wa kusini, na zikichanganywa na kubwa huingia mwisho. Msongee mkubwa kwa nyuma uone: propela yake ikizunguka wakati wa kutoka, itakutupa ukutani. Subiri aondoke.

Ajali nyingi za mashua ndogo huanzia kwenye kamba. Anayefunga fundo wakati maji yanashuka atajikuta chombo kinaning'inia ubavuni, na hapo kisu ndicho kinachookoa. Zungusha kamba kwenye nguzo, rudisha ncha mkononi, legeza kadiri unavyoshuka. Wavuvi wa Feri wanaoacha kamba ndefu maji yakipwa wataelewa bila kufundishwa. Madapra (mito ya kukinga ubavu) yawe pande zote mbili, na tezi ikae mbali na kizingiti cha zege chini ya mlango. Maji yakishuka, usukani hukalia hicho.

Kasoro kubwa ni chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mfereji, hivyo mlango ukifunguka, hata usawa ukiwa sawa, ya chumvi hupenya chini na matamu hutoka juu. Chumba kikubwa hivi huingiza chumvi nyingi, ikabidi wajenge ukuta wenye uwazi chini ili maji mazito ya kitakoni yavutwe na kurudishwa baharini. Ingekuwa vyema ufumbuzi huo uje pamoja na lango, si baada yake. Ndiyo maana tumetoa 8 kwa 10.

Kupita malango ya Rijkswaterstaat, mamlaka ya maji ya serikali kuu, hakulipiwi. Ushuru wa bandari ni hesabu nyingine. Mwenye mashua ndogo abebe kamba mbili, kila moja iwe zaidi ya mara mbili ya kimo anachoshuka.