Waliniambia "Imekamilika"

Sitawataja jina. Wenye kutumia huduma yao ya kuhifadhi video mtandaoni watawajua kwa ile tiki ya kijani inayotokea faili likishafika. Mimi tiki hiyo siku hizi nikiiona napandwa na joto.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Ofisi ni chumba kimoja River Road, Nairobi, juu kabisa, ukifika unapumua kwa mdomo. Miezi michache iliyopita nilikuwa na ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, huko Kiambu. Nikarudi usiku, nikachomeka kadi, nikaanza kupakia, stima ikapotea. Na hapa niseme ukweli, hasira isije ikanifanya mwongo: stima iliporudi, programu haikuanza upya. Iliuliza seva, yaani kompyuta yao ya kuhifadhi, imefikia wapi, ikaendelea palepale. Kama hujawahi kuona asilimia 94 ikirudi sifuri na bando limeisha, huwezi kuelewa raha niliyoipata. Nililala nikiwasifu hawa watu.

Asubuhi, tiki. "Imekamilika." Nikafomati kadi, nikaenda kupiga mahafali.

Siku ya kuhariri, video inacheza vizuri hadi pale shosho, nyanya wa familia, anapoinua kibuyu kumbariki bibi harusi. Mkono unafika usawa wa kifua, picha inaganda, kisha skrini nzima inageuka vibokisi vya kijivu, na sauti inalia kama bisi kwenye sufuria. Baada ya hapo, hakuna kitu. Na mamake bibi harusi alikuwa akimuulizia shosho huyo kila siku.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. "Madam, kwa mfumo wetu faili liko kamili." Basi lifungue ulitazame. "Hatufungui faili za wateja." Sawa, mbona kwangu linakatika? "Labda intaneti yako ilikuwa mbovu." Kama ilikuwa mbovu, hiyo tiki mliiweka ya nini? Kimya. Nilisikia anatafuna kitu. Kisha: "Kuna lingine naweza kukusaidia?" Lingine! Kwani la kwanza alinisaidia lini?

Mtoto wa dada yangu anasoma kompyuta chuoni, na yeye ndiye aliyenipoza, au tuseme alinichochea zaidi. "Anti, wasikusingizie intaneti." Akaniambia data nyingi mtandaoni husafiri kwa utaratibu uitwao TCP, uliotokana na kazi ya Vinton Cerf na Robert Kahn ya mwaka 1974. Data hupewa namba za mfuatano, na upande wa pili usipojibu kwamba umeipata, inatumwa tena. Ila kupokelewa na seva si kuandikwa kwenye diski. Seva inaweza kujibu "nimepata", halafu ikaanguka kabla haijahifadhi. Ukitaka uhakika, faili lililoko kwenye diski yao lisomwe upya, lipigiwe hesabu, na jibu lilinganishwe na la faili lako. Wataalamu wa kompyuta Saltzer, Reed na Clark walishaliandika hilo mwaka 1984, na mfano waliotumia ni huohuo wa kuhamisha faili. 1984! Mama mboga wa hapa chini hajawasoma, lakini umwonyeshe skrini kwamba umemtumia pesa, atakwambia ngoja iingie kwa simu yangu kwanza.

Video ya shosho niliipata Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi. Fundi aliniambia kufomati kwa haraka hufuta orodha ya faili tu, zenyewe zinabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mahafali nilikuwa nimeyapiga kwa kadi hiyohiyo (najua, najua), yakala mwanzo wa ruracio lakini hayakufika alikokaa shosho. Basi mwanzo nikautoa kwa seva, mwisho kwenye kadi, nikaunganisha pale mkono ulipo kifuani. Mamake bibi harusi hajui kitu hadi leo.

Kwa hiyo nilitaka kuandika msijiunge nao kabisa. Lakini bila hiyo seva mwanzo ningeutoa wapi? Na wiki iliyopita stima imepotea mara mbili nikipakia, mara zote mbili ikaendelea ilipoachia. Wengine niliowajaribu hurudi sifuri. Hiyo kazi wanaiweza, sibishi. Wakiniuliza kuhusu tiki yao na yule kijana wa kutafuna, ndipo tutakosana tena.

Siku hizi kadi siigusi hadi nipakue faili kutoka kwao na kulitazama hadi mwisho, bando linaungua huku nikiangalia. Ada ya mwezi huu wameikata juzi. Hapo hapakukatika kitu. Risiti iliingia kabla sijaweka simu mezani.