Boti haingoji: uzoefu wangu wa kuzungushwa Saadani kwa basi la watalii

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa majuma kadhaa yamepita na nyumbani niliahidi kwamba sitagusa kalamu mpaka zipoe. Hazijapoa. Msomaji anayetafuta ushauri wa mtu mtulivu kuhusu kuitembelea Hifadhi ya Taifa ya Saadani kwa basi la watalii ajue mapema kwamba nimekwenda mara moja tu, nimerudi na tope hadi magotini, na kila ninalolisema hapa linatoka kwenye koo la mtu aliyefokewa kwa kipaza sauti mbele ya mjukuu wake.

Basi nililichagua kwa sababu zinazoeleweka. Hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000, kigari changu hakina ubavu wa kukabiliana na njia za udongo, na kukodi Landkruza kwa ajili ya watu wawili ni gharama ya kumtoa mtu machozi. Kampuni, ambayo jina lake nalihifadhi, ilikuwa inatangaza Kosta iliyotobolewa paa, chakula cha mchana, safari ya boti katika Mto Wami na machweo ufukweni, yote kwa siku moja, kutoka Dar es Salaam alfajiri na kurudi usiku. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa na shauri moja tu, nalo ni kasa. Alikuwa amesoma shuleni kwamba kasa hupanda ufuko wa Madete, humo humo hifadhini, kuja kutaga, na nilipomweleza kwamba hutaga usiku na kwamba sisi tungefika mchana, alijibu kwamba basi hata mchanga wenyewe atauona. Tukakubaliana hivyo. Mchanga tu.

Sasa nimfikie kijana wa kipaza sauti. Kila basi la namna hii lina mratibu, na wetu alikuwa kijana nadhifu mwenye fulana ya kampuni, ambaye tangu tulipoondoka alikuwa anazungumza bila kituo. Sina ugomvi na mtu mwenye maneno mengi. Nimefundisha miaka mingi, nami ninayo. Ugomvi wangu ulianza mara baada ya kupita lango, pale tulipowakuta kuro sita au saba wamesimama karibu kabisa na njia, kwenye majani marefu, masikio yamesimama, na ule mviringo mweupe wa makalioni unaoonekana kama walikalia ndoo ya chokaa mbichi. Mjukuu akaanza kugonga kioo. Kioo chenyewe kilikuwa hakifunguki, mpira wake ulikuwa umegandishwa kwa gundi, na nusu yake ilikuwa imefunikwa na tangazo la kampuni. Nikamwomba kijana kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, mwombe dereva asimame kidogo, mtoto awaone."

Angeweza kunijibu kwa sauti ya kawaida pia, maana tulikuwa tumetengana kwa viti viwili. Akanyanyua kipaza sauti. "Bibi, hao ni swala tu, hata Mikumi wapo. Basi hili si la familia moja. Tuna boti Wami, na boti haingoji."

Wako waliocheka. Mjukuu akaondoa mkono kwenye kioo na kuuweka mapajani, na kutoka hapo hakugonga tena, hata tulipopita ngiri na watoto wake. Nimejaribu kujiambia kwamba kijana alikuwa na ratiba, kwamba abiria zaidi ya ishirini wana haki zao, na kwamba kweli kuro wapo Mikumi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloniingia. Mtu aliyetoka kitandani saa tisa usiku kwenda kutazama wanyama haambiwi kwamba mnyama aliye mbele yake ni wa kawaida.

Tukakimbia. Niwe mkweli, dereva hakuvuka ile kilomita 50 kwa saa inayoruhusiwa hifadhini, ila hamsini kwenye njia yenye makorongo, ndani ya Kosta iliyoundwa kwa ajili ya lami, inatosha kumgeuza twiga kuwa mstari wa rangi dirishani. Kuhusu tundu la paani nitasema machache: linatosha watu watatu wembamba, na wengine wote hubaki wakitazama mikanda ya hao watatu. Tulipofika Wami, boti iliyokuwa haingoji ilikuwa imekwishaondoka na kundi jingine. Tukakaa chini ya mti muda unaotosha kuivisha maharage. Kijana hakusema neno. Kipaza sauti kilikuwa kimelala kwenye kiti cha mbele kama mtoto aliyechoka.

Boti yenyewe ilipofika ilikuwa nzuri, na kwa kuwa si ya kampuni ile naisifu bila kinyongo: viboko wamejaa kwenye kina, mamba mmoja aliyelala mdomo wazi ukingoni, midiria wakichomoka kwenye mikoko. Nahodha alikuwa anazima injini kila mtoto aliponyoosha kidole. Kumbe inawezekana.

Saa iliyopotea mtoni ilibidi ifidiwe, na hapo ndipo kijana alipomwamuru dereva apite njia ya mkato kuelekea Madete. Dereva alikuwa mzee wa makamo ya kaka yangu, aliyekuwa hajasema lolote siku nzima. Akapunguza mwendo, akatazama mbele, akasema taratibu: "Mwanangu, hapo ni mbuga, na jana ilinyesha." Kijana akamwambia apite, kwamba wiki iliyopita walipita.

Watu husema "mbuga za wanyama" bila kufikiri. Mimi sasa nafikiri. Mbuga ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na ukilowa unashika kama ulimbo, na magurudumu ya nyuma ya Kosta yalizama humo kwa sauti ya mtu anayenyonya mfupa. Dereva alijaribu mara mbili tu, kisha akazima injini, kwa sababu kila jaribio lilikuwa linatuzamisha zaidi. Hifadhini abiria hashuki ovyo kwenye gari, kwa hiyo tuliambiwa tubaki vitini mpaka askari waje. Mtandao wa simu haukuwepo. Kijana alipanda juu ya paa, akawa ananyoosha simu mbinguni, viatu vyake vikigonga juu ya vichwa vyetu. Kwa wanawake waliokuwemo humo sitaeleza zaidi ya kusema kwamba hakuna pa kuchimba dawa ndani ya Kosta, na kwamba mama mmoja mjamzito alikuwa analia kimyakimya.

Na hapa lazima niseme jambo linaloniharibia malalamiko yangu. Dereva aligeuka, akatuomba radhi kwa niaba yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa deni lake, kisha akatuomba tunyamaze kidogo na tuzime simu zenye muziki. Tukanyamaza. Kwanza tukasikia upepo kwenye mikoche, halafu, kwa mbali, mvumo ambao mjukuu aliutambua kabla yangu: bahari. Baada ya muda akatokea twiga, nyuma yake wengine wawili, wakaja kula mgunga uliokuwa hatua chache kutoka dirishani kwetu, kana kwamba basi letu ni kichuguu. Tuliuona ulimi, ule mrefu mweusi, ukizunguka miiba na kuchuma majani bila kuchomwa. Tuliona kope. Mjukuu aliweka kiganja kwenye kioo, hakugonga, na twiga mmoja akamtazama huku akitafuna. Hiyo ilikuwa dakika ishirini au zaidi, na katika siku zangu zote za kutembelea hifadhi sijawahi kuona kitu kilichokaa vizuri vile. Basi bovu lilinipa kile ambacho basi zima lilininyima. Nilianza hata kumsamehe kijana.

Msamaha ukaishia kwenye bahasha. Tukiwa bado tumekwama, twiga wameondoka, askari hawajafika, ilianza kupitishwa kutoka viti vya mbele bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu "Shukrani kwa timu". Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikaipokea, nikaigeuza, nikampa dereva mkononi moja kwa moja elfu kumi yangu, na bahasha nikaipitisha nyuma tupu kama ilivyonifikia.

Askari wa hifadhi walikuja na gari lenye winchi, wakatushusha, tukasukuma, tope likaturukia hadi magotini, na kwa kweli hao walikuwa waungwana kupita kiasi: mmoja wao alimbeba mjukuu mgongoni hadi pakavu. Madete tulifika jua limekwisha kuzama. Kijana akatangaza kwamba tuna dakika kumi, kwa kuwa gari haliruhusiwi kuzurura hifadhini usiku, na hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa kweli kwa sababu yake. Mjukuu hakukimbilia maji. Alichuchumaa juu ya alama ya maji kujaa, akachota mchanga kwa mikono miwili, akaniuliza kama mayai hukaa kina gani. Nikamwambia kwamba kasa hufukia mayai mia moja au zaidi kwenye shimo moja, na huyaacha yapate joto la mchanga kwa takriban miezi miwili. Akaurudisha mchanga polepole, akaupigapiga juu kwa kiganja. Honi ikalia.

Niliandikia ofisi ya kampuni barua ndefu kuliko hii. Jibu lilikuja kwa simu, mistari miwili: pole kwa changamoto iliyojitokeza, na safari ijayo utapata punguzo. Changamoto! Mtu akizamisha watu ishirini na kitu kwenye tope baada ya kuonywa na mzee anayeijua njia, hiyo ni changamoto; mtoto akinyamazishwa kwa kipaza sauti, hiyo haikutajwa kabisa.

Kwa hiyo, je, upande basi Saadani? Nilipoanza kuandika nilikuwa na jibu moja, kwamba simshauri hata adui yangu. Sasa sina hakika. Hifadhi yenyewe haina kosa, na mwenye uwezo wa kukodi gari dogo pamoja na ndugu wanne au watano afanye hivyo. Asiye na uwezo huo, kama mimi, aulize mambo mawili kabla ya kulipa: kama vioo vinafunguka, na nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu kusimama, dereva au mwenye kipaza sauti. Wakimjibu kwamba ni dereva, na dereva akiwa yule mzee, mimi mwenyewe nitakaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya gurudumu, na sitalalamika.

Jana mjukuu aliniuliza tena kuhusu kasa. Ule ujumbe wa punguzo nilikuwa nimeapa kuufuta siku ile ile ulipoingia. Bado upo kwenye simu.