Kisu cha kufungulia na kuchunia mnyama porini: usilipie urefu

Mwangaluka wakubwa, karibuni. Mezani nina visu vitano, na vyote leo vinafanya kazi moja: kufungua mnyama, kutoa matumbo, kuchuna ngozi. Nianze na jibu kabisa, mwenye haraka asinisubiri. Nunua kisu kifupi. Ubapa wa sentimita 9 mpaka 11, basi. Ukizidisha hapo unalipia chuma ambacho kwenye tumbo la swala kitakuharibia nyama.

Najua wengi mtanibishia. Ukiingia dukani hapa mjini Mwanza ukasema unataka kisu cha kuwindia, muuzaji anakushushia hili. Dogo, sogeza kamera. Hili hapa, nje ya vile vitano. Ubapa zaidi ya sentimita 20, mgongoni meno ya msumeno, mpini una uwazi ndani wa kuwekea dira na kiberiti. Kwa macho linavutia, na ndiyo maana linauzwa. Lakini angalieni mpini wenye uwazi: ubapa umeshikwa na kifundo kidogo tu hapa mwanzoni. Ukikandamiza kwenye kiungo cha paja, hapa ndipo panapovunjika.

Tatizo kubwa zaidi ni urefu wenyewe, na hili nitawaonyesha badala ya kulisema. Huyu beberu amechinjwa sasa hivi, nyama yake inaenda kuliwa, haipotei. Nimemchagua mbuzi kwa sababu uzito wake unakaribiana na wa swala tomi na maungo yao yanafanana sana. Nimeshapasua tumbo. Sasa nataka kukata koromeo kule juu kifuani, ili mapafu, moyo na matumbo vitoke kwa pamoja. Mkono unaingia, unaona? Umefika kwenye kiwiko. Macho hayana kazi tena humu ndani, nafanya kwa kupapasa. Nikiwa na kisu kifupi, kidole cha shahada nakilaza mgongoni mwa ubapa, na ncha ya kidole inafika karibu kabisa na ncha ya kisu. Najua ilipo. Nikishika lile refu, ncha iko mbali huko, inagusa kitu ambacho mimi sikigusi. Inaweza kuwa tumbo lenye majani, inaweza kuwa mkono wangu wa kushoto ambao nao umo humu humu unavuta koromeo.

Utumbo ukitoboka, kinyesi kinamwagikia minofu ya ndani, ile laini kabisa chini ya uti wa mgongo. Kibofu kikipasuka ni hivyo hivyo. Mnyama aliyetoka kuanguka ana joto la nyuzi 38 au 39 mwilini, jua la saa saba juu yake, na nyama imeshapakwa uchafu. Hapo bakteria hawahitaji muda mrefu. Nyama ya porini inaharibika zaidi kwa kuchelewa kufunguliwa na kwa uchafu wa tumboni kuliko kwa kitu kingine chochote.

Kabla sijaendelea, hili nalisema kwa uzito. Kisu hiki ni kwa mwenye kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka uwe na leseni, na leseni inakuambia mnyama gani, wangapi na eneo gani. Nyama bila karatasi ni kesi hata kama hukuua wewe. Ofisi za TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, zipo, nenda uliza. Na kama shida yako ni kula nyamapori tu, tangu 2020 zipo kanuni za mabucha ya nyamapori yenye leseni, nunua huko na risiti yako mkononi.

Na jingine: mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe usimfungue. Kabisa. Ugonjwa wa kimeta upo katika ukanda huu wetu wa Serengeti. Ukiona mzoga umevimba haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au njia ya haja kubwa, kisu kibaki kwenye ala, mpigie ofisa mifugo. Ukipasua mzoga wa namna hiyo, vimelea vinapata hewa, vinajitengenezea ganda na vinakaa udongoni miaka na miaka. Hata kwa mnyama mzima, vaa glavu.

Haya, turudi mezani. Cha kwanza, ambacho ndicho ninachokipenda, ni Mora Companion ya chuma cha pua. Inatoka mji wa Mora kule Uswidi, ambako viwanda vya visu vilianza 1891. Ubapa sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2.5, mpini wa plastiki wenye mpira juu yake. Ala ya plastiki. Ukiishika unaiona nyepesi mno, unajiuliza kama utakuwa umepewa kisu kweli. Ngoja niifanyishe kazi.

Napasua tumbo la beberu wa pili. Angalieni mkono. Natoboa tundu dogo tu la kuingiza vidole viwili, hapa chini ya mfupa wa kifua. Vidole vinainua ngozi na ukuta wa tumbo, kisu kinaingia katikati ya vidole, makali yanatazama juu. Juu, siyo chini. Kisha nasukuma taratibu. Vidole vinasukuma matumbo chini, makali yanakata kuelekea mbinguni. Umesikia ule mlio? Inakata bila kukwama. Na faida ya pili ya kukata kutoka ndani kwenda nje: manyoya. Manyoya ya mnyama yamejaa vumbi na mchanga, na mchanga unakula makali kuliko mfupa. Ngiri ndiye mbaya kuliko wote, anagaagaa kwenye tope mpaka ngozi imekuwa kama msasa. Ukimkata ngiri kutoka nje kwenda ndani, kabla hujafika nusu ya tumbo kisu kimeshakuwa butu. Kata kutoka ndani, kisu kinapita chini ya manyoya.

Mpini: nimepaka mafuta ya mbuzi na damu makusudi. Hautelezi. Na hapa mbele kuna kizuio cha kidole, kidogo lakini kinatosha. Kisu cha kazi hii bila kizuio mimi sikishiki, hata kiwe kizuri vipi, kwa sababu mkono ukiteleza unateleza kwenda mbele, kwenye makali.

Kasoro ya Mora nitaisema. Chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, kwa hiyo usiigonge kwa jiwe kupasua mfupa wa nyonga. Kwa swala huhitaji, unazungushia kisu kwenye njia ya haja kubwa, unalegeza, unavutia ndani. Kwa nyumbu beba msumeno mdogo. Halafu chagua yenye mpini wa rangi ya machungwa. Ile ya kijani ukiiweka kwenye majani dakika mbili, mnaanza kutafutana.

Cha pili ni Buck 110, ya Marekani, ya kukunja. Ilianza kuuzwa 1964 na imeigwa na karibu kila mtu. Ubapa sentimita 9 na nusu, mbao pembeni, shaba mbele na nyuma. Uzito karibu gramu 200, ukiivaa kiunoni unajua umevaa kitu. Kufuli lake ni imara, ukilifungua halichezi. Ni kisu kizuri, na mtu akinizawadia nitafurahi kwelikweli. Ila kwa kufungulia mnyama simshauri mtu anunue. Tazama hapa kwenye bawaba na ndani ya mfereji baada ya kazi ya leo: damu, mafuta, manyoya. Nyumbani utakisafisha kwa maji ya moto na mswaki. Porini, maji yenyewe ya kunywa unayapima, hutakisafisha vizuri, na kesho yake kinanuka. Ncha yake pia imechongoka sana, ni nyepesi kutoboa utumbo. Kisu cha kazi hii ncha yake inapaswa kushuka kidogo kutoka mgongoni, iwe na tumbo la mviringo kuelekea mbele.

Cha tatu ni Victorinox. Wengi mnaijua kwa vile visu vidogo vyekundu, lakini kampuni hiyo ya Uswisi, iliyoanza 1884, inatengeneza pia visu vya wachinjaji. Hiki ni cha kuchunia, ubapa mpana uliopinda kama sentimita 15, mpini mweusi usioteleza. Kwenye kuchuna ngozi hapa hakuna cha kushindana nacho. Tazameni: navuta ngozi kwa mkono wa kushoto, tumbo la ubapa linagusa ule utando mweupe kati ya ngozi na nyama, linafagia tu. Makali nayaelekeza kidogo upande wa ngozi, siyo upande wa nyama. Ubavu mzima umetoka na ngozi haina tundu. Lakini kifuani, ndani, nilishawaambia. Kwangu hiki ni kisu cha kambini, mnyama akiwa ameshaning'inizwa mtini.

Kuna ndugu zangu Waislamu wananiambia kisu kifupi hakifai kuchinjia, na mnyama akikutwa bado hai ni lazima achinjwe. Hoja ina haki yake. Kwa swala na digidigi, sentimita 10 zenye makali ya kweli zinatosha. Kwa pofu, mwenye shingo ile nene, hapo nakubali, chukua hiki cha sentimita 15. Makali yawe makali tu, mnyama asiteseke.

Cha nne kina ndoano mgongoni ya kuchania tumbo kama zipu. Siku ya kwanza kinafanya kazi vizuri sana, sitadanganya. Shida inakuja ndoano ikiisha makali. Jiwe la kunolea haliingii humo, inahitaji tupa nyembamba ya duara, na wengi hawana. Baada ya hapo umebaki na kulabu inayokwaruza ngozi. Na vidole viwili nilivyowaonyesha vinafanya kazi hiyo hiyo bure.

Sasa hiki cha mwisho, ambacho nimekifurahia kuliko nilivyotarajia. Ni kazi ya mhunzi wa hapa hapa kwetu, kimefuliwa kutoka kwenye springi ya gari. Springi ni chuma kizuri, kina kaboni ya kutosha, kinashika makali na hakivunjiki ovyo, ilimradi mhunzi amekichovya na kukirudishia moto vizuri. Utajuaje? Nenda na tupa. Isugue kwenye makali, taratibu. Ikila chuma kama inakula muwa, kisu ni laini, kitapinda. Ikiteleza kabisa kama kwenye kioo, ni kigumu mno, kitamomonyoka kikigonga mfupa. Unataka ile ya katikati: tupa inateleza, halafu inashika kidogo. Hiki kimeshika hivyo. Kimekuja na mpini wa mti laini mno, nimeuzungushia mpira wa tairi. Na kinashika kutu, hasa sisi tunaokaa na unyevu wa ziwa. Kikaushe, kipake mafuta ya kupikia kidogo, kisilale ndani ya ala ya ngozi ikiwa na maji. Mwambie mhunzi urefu unaotaka, akifue kwa urefu huo. Kwa mtu ambaye Mora haipati, aende kwa mhunzi kabla ya kwenda dukani kununua lile la msumeno.

Visu vya minofu ya sangara, hivi vya viwandani na pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, naombeni muviache kwenye samaki. Ni vyembamba, vinapinda, na uzuri wake ni huko kupinda. Kwenye kiungo cha goti la swala vinakukatalia.

Kunoa nitakuwa mfupi. Mora ina mteremko mpana wa makali, unalaza mteremko wote juu ya jiwe, hauhitaji kukisia pembe. Vingine shika nyuzi 20 hivi kila upande. Na tafadhali, tuache kusugua visu kwenye haya majabali yetu ya Mwanza. Ni matale yenye chembe kubwa ngumu, yanararua makali, hayanoi. Nunua jiwe lenye pande mbili, la kukwaruza na la kulainisha.

Usafi: machinjioni visu vinachovywa kwenye maji ya nyuzi 82. Kambini chemsha sufuria, chovya ukimaliza matumbo na kabla hujagusa nyama. Kisu kilichozunguka njia ya haja kubwa kisipande moja kwa moja kwenye paja.

Dukani mwombe muuzaji akitoe kwenye pakiti. Shika mpini, bonyeza ubapa kushoto na kulia, ukisikia unacheza mrudishie. Kiangalie kwa mbele, makali yakutazame: mstari uwe mmoja, ulionyooka, bila mng'ao. Panapong'aa ni butu. Na kama una bajeti ya kisu kimoja, ni Mora ya rangi ya machungwa. Ukiwa na cha pili, ongeza Victorinox ya kuchunia. Lile refu mimi nalirudisha dukani kesho asubuhi, na pesa yake inanunua mawe ya kunolea tutakayoyapima video ijayo.