Uzamili wa roboti na mwili wa binadamu, Pisa na Pontedera: nilivyouona

Mama alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulibaki umekunja ngumi. Kuufunga aliweza, kuufungua ndiko kulikomshinda. Mimi nilikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo, na sikujua hata misuli inayofungua vidole imeanzia wapi. Ndiyo sababu nikaenda Italia kusoma Bionics Engineering, shahada ya uzamili inayoendeshwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Pisa na Scuola Superiore Sant'Anna. Wadogo zangu wa uhandisi huniuliza kama inafaa. Inafaa sana, lakini ukubali kuanza upya.

Ni miaka miwili, krediti 120, kwa Kiingereza, na kuna njia mbili: baiorobotiki, yaani roboti zinazoiga viumbe hai au kufanya kazi na mwili, au uhandisi wa neva. Hesabu za mitambo nilizimudu. Fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, ndiyo iliyonitoa jasho.

Taasisi ya BioRobotics ya Sant'Anna iko Pontedera, mji wa kiwanda cha Piaggio kinachotengeneza Vespa. Kutoka Pisa ni mwendo mfupi wa treni. Huko ndiko Cecilia Laschi alikoongoza mradi wa Ulaya wa roboti pweza, ulioanza 2009. Mimi ni mtoto wa Pemba. Nimekua nikichokoa pweza maji yakipwa, na kumponda mwambani alainike, nisijiulize hata siku moja mkono usio na mfupa unasukumaje. Kumbe ujazo wa misuli yake haubadiliki: ile ya kukingama ikijikaza mkono unakuwa mwembamba, kwa hiyo hauna budi kurefuka, ile ya urefu ikijikaza, unafupika. Wahandisi wakauiga kwa silikoni, kamba, na springi za nikeli na titani zinazojikunja umeme ukizipasha moto. Tena sehemu kubwa ya neva za pweza imo mikononi, si kichwani. Hilo lilinibadilisha: kazi niliyozoea kuitwisha kompyuta, mwili wenyewe unaweza kuibeba.

Funzo hilo hilo nililiona katika SoftHand, mkono bandia uliobuniwa Pisa pamoja na taasisi ya teknolojia ya Italia, IIT. Una viungo 19 na mota moja tu. Ningeulizwa mimi wa zamani, ningetia mota kila kiungo, na ungekuwa mzito, ghali, wa kuharibika kila mara. Waliochunguza mkono wa binadamu walikuwa wameshaona kwamba vidole havishiki kitu kila kimoja kivyake. Hukunjana kwa mitindo michache ya pamoja. Kamba moja ikivutwa, vidole vinajifinyanga kwenye kikombe au embe.

Usitarajie kurudi nyumbani na kifaa cha kumvalisha mgonjwa. Kwa miaka miwili utajifunza kubuni na kupima. Kifaa kilichothibitishwa kuwa salama kinataka muda mrefu zaidi. Kuhusu fedha, ada hupangwa kwa kipato cha familia, na kuna ufadhili wa mkoa uitwao DSU Toscana. Hati za kipato zianze kutafsiriwa mapema mno. Wakala niliyemlipa alichelewesha zangu, na muhula wa kwanza niliishi kwa kukopa.

Sasa nieleze kilichonilipa. Glovu ya kwanza niliyoichora kwa ajili ya mama ilikuwa na mota yenye nguvu, ya kufungua ngumi kwa mkupuo. Kwenye fiziolojia nikasoma kwamba misuli iliyokakamaa kwa kiharusi, kadiri unavyoinyoosha haraka, ndivyo inavyozidi kukaza. Nikaifuta michoro yote. Usiku ule ule nikampigia dada, yeye ndiye anayemnyoosha mama viungo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunashindana naye." Tangu hapo anauweka mkono kwenye maji ya vuguvugu, kisha anaanza na kidole gumba, taratibu, wakizungumza. Kabla sijamaliza muhula, mama alikuwa anaachia kitambaa alichoshikishwa.