Drili kwanza, grenda mwisho: mashine za umeme za kununua kwa kazi za nyumbani

Anayeanza kujifanyia kazi zake nyumbani hufika dukani akavutwa na seti: sanduku moja lenye drili, betri mbili ndogo na vikorokoro kibao, nusu yake havitaguswa maisha. Mimi ningesema nunua mashine moja moja, kila moja ikiwa na kazi inayoisubiri, na pesa inayobaki iende kwenye biti, nyembe na diski. Drili ya kawaida yenye biti kali inatoboa vizuri kuliko ya ghali yenye biti butu.

Kabla ya yote, jua ukuta wako umejengwa kwa nini. Hilo ndilo linaloamua mashine ipi iwe namba moja.

1. Drili ya betri ya volti 18 yenye kugonga

Kwa nyumba nyingi hii inatangulia. Inafunga skrubu, inatoboa mbao na chuma chembamba, na ukizungusha pete hadi kwenye alama ya nyundo inaingia kwenye tofali. Ya volti 12 ni nyepesi na inafaa sana kwa makabati, ila kwenye tofali inachoka mapema.

Namba za kwenye kasha zisikubabaishe. Betri ya volti 18 na ile iliyoandikwa volti 20 mara nyingi ni kitu kilekile: seli 5 za lithiamu, kila moja ikiwa na wastani wa volti 3.6, na karibu volti 4 ikiwa imetoka tu kwenye chaja. Piga hesabu mwenyewe. Cha kuangalia ni ampia-saa, yaani kiasi cha chaji betri inachobeba. Volti 18 mara ampia-saa 2 ni wati-saa 36. Mara ampia-saa 4 ni wati-saa 72, yaani kazi mara mbili kabla ya kuchaji, na mkono nao utausikia uzito. Kumbuka pia kwamba betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Unapochagua drili, tayari umeshachagua na mashine zitakazofuata, kwa hiyo angalia kwanza kampuni hiyo inatengeneza nini kingine kinachotumia betri hiyo.

Mota isiyo na brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye mota) haili chaji sana na haipati joto haraka. Yenye brashi ni ya bei nafuu, na kaboni zikiisha unabadilisha. Kwa mtu anayetoboa mara chache kwa mwezi inatosha kabisa. Na kama kazi zako zote ziko karibu na soketi, usiidharau drili ya waya ya wati 600 hivi: haina betri ya kufia kabatini.

Ile pete yenye namba nyuma ya taya za kushikia biti watu wengi hawaigusi, na ndiyo inayookoa vichwa vya skrubu. Anza na namba ndogo. Mashine ikianza kutoa mlio wa "tratra" kabla kichwa cha skrubu hakijalingana na ubao, panda namba moja, ujaribu tena. Alama ya biti iliyo mwisho wa pete ni ya kutobolea tu.

Ukutani, funga kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye biti kuonyesha kina unachotaka, kisha ongeza kama sentimita 1, maana vumbi hubaki chini ya tundu na kile kiplastiki cha kushikia skrubu kitagoma kuzama. Usitoboe juu, chini wala pembeni ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka. Nyaya mara nyingi hupita hapo. Kwenye kigae zima kugonga kabisa, bandika utepe huo wa karatasi ili biti isiteleze, tumia biti ya vigae, nenda polepole. Ukishavuka kigae ndipo unaweza kurudisha nyundo kama nyuma yake ni tofali.

2. Rotari hama

Ukuta wako ukiwa wa zege, hii inapanda kuwa namba moja na drili inashuka. Ni ile mashine ambayo mafundi wengi wanaiita Hilti hata ikiwa ya kampuni nyingine. Drili ya kugonga hutegemea visahani viwili vyenye meno vinavyorukiana, kwa hiyo nguvu inatoka begani kwako. Rotari hama ina pistoni inayobana hewa na kuipigisha biti kutoka nyuma. Wewe unashika tu na kuelekeza. Tundu la milimita 8 ambalo lingekutoa jasho linaisha kwa sekunde.

Biti zake zina mkia wenye mifereji, mfumo wa SDS-plus, unene wa milimita 10. Mashine ya joule 2 hadi 3, kipimo cha nguvu ya kila pigo, inatosha nyumbani. Hakikisha ina sehemu ya kugonga bila kuzunguka, utaihitaji siku ya kubandua vigae. Shika mpini wa pembeni daima, kwani biti ikinasa mashine nzima hutaka kuzunguka na kifundo chako cha mkono. Ukigota kwenye nondo, hamisha tundu.

3. Jigiso

Msumeno wa wembe mwembamba unaopanda na kushuka. Unakata mikunjo, tundu la sinki, plaiwudi, bomba la plastiki. Kwa mstari mrefu ulionyooka si hodari, hata ukiuegemeza kwenye rula. Wembe wa kawaida unakata ukipanda, kwa hiyo uso wa juu ndio unaochanika: weka upande mzuri wa ubao chini. Nyembe za meno makubwa ni za mbao, za meno madogo ni za chuma.

4. Mashine ya msasa

Chagua ya duara inayozunguka huku ikitikisika, si ile ya mraba. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180. Usiikandamize. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Ukiwa na shaka, usiisage.

5. Msumeno wa duara

Kama hutengenezi makabati au sakafu ya mbao, ruka. Ukiununua, weka kina ili meno yatokeze kidogo tu chini ya ubao, na kama una waya wa kurefusha uliozungushwa kwenye kigurudumu, ufungue wote kabla ya kuwasha, kwani ukibaki umejikunja hupata moto.

6. Grenda

Inakata nondo, vigae na boliti iliyoshika kutu, na kwa kuwa bei yake si kubwa wengi huinunua mapema mno. Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo yenye makosa yasiyosamehe. Nunua ya milimita 115 au 125, yenye swichi inayozimika ukiiachia, na kinga ya diski usiing'oe hata mara moja.

Anayeng'oa kinga huwa anataka kuweka diski kubwa zaidi. Grenda ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 imetengenezwa kuhimili takriban 6,600, ambayo ni mita 80 kwa sekunde ukingoni. Ukiifunga kwenye mashine hiyo ndogo, ukingo wake unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na ikipasuka vipande vinaruka kwa kasi hiyohiyo. Namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye diski iwe sawa au zaidi ya ile ya mashine, basi. Diski ya msumeno wa mbao isikaribie grenda.

Vaa miwani iliyofunika pembeni, na barakoa ya vumbi unapokata vigae au zege. Ukizima, subiri diski isimame kabisa kabla ya kuiweka chini. Dukani, geuza diski ya kukatia chuma utazame pete ya chuma ya katikati: pana tarehe ya mwisho iliyogongwa pale. Ikiwa imepita, irudishe rafuni hata kama imepunguzwa bei.