Nililipia nailoni mbili, nikapewa moja na nondo

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira, lakini nimetoka kuchekecha debe zima la mahindi sasa hivi na mikono bado inawasha.

Hii mifuko ya kinga njaa, gunia lenye nailoni mbili ndani za kuzuia hewa ili wadudu wafe, nilinunua sita, duka moja la pembejeo hapa Morogoro, baada ya mavuno. Mahindi yenyewe ya Kibaigwa, meupe safi. Nikayaanika kwenye turubai, nikapima kama yamekauka, kwa chumvi ndani ya chupa kavu: natikisa, chumvi haigandi. Nikajaza, nikafunga kwa kamba, nikatulia.

Siku nafungua wa kwanza, nondo watatu wakanirukia usoni. Usoni! Punje za juu karibu zote zina tundu dogo la duara, nyepesi kama makapi, ukipasua ndani ni vumbi. Kupapasa pembeni, nailoni ni moja. Zinatakiwa mbili, kila moja na fundo lake, ndiyo maana tunakubali kulipa kuliko gunia la kawaida.

Nikachota punje kwenye kikombe, na mfuko kwapani, mpaka dukani. Yule kijana hata macho hakuinua kwenye simu. "Mama, hao fukusi tu. Kila mtu ana fukusi."

Fukusi ana mkonga na gamba gumu. Hawa wangu wanazunguka taa saa moja usiku kama vipepeo. Huyu ni nondo wa nafaka, rangi ya majani makavu. Nikamwonyesha mmoja mzima. "Basi umetoka nao shambani," akasema, akageukia mteja mwingine. Mtu mzima mimi, nimesimama na kikombe changu kama nimekuja kuomba chumvi kwa jirani.

Na kinachoniuma ni kwamba hakukosea. Nondo huyu hutaga mahindi yakiwa bado shambani, na funza wake anakulia ndani ya punje, huwezi kumwona hata uchambue vipi. Lakini si ndiyo kazi ya mfuko? Hewa iishe, waliomo wafe! Mahindi yasiyo na mdudu ningeyatia kwenye kiroba chochote.

Ile mitano iliyobaki ina nailoni zote mbili. Nimefungua miwili: hakuna kinachoruka, punje zinalia zikigongana. Nilikaa hapa niwaambie msinunue. Haya, nunueni. Ila si kwake.

Ingawa juzi nimechukua mingine minne, kwake huyohuyo, maana maduka mengine yameishiwa. Niliivuta yote nje palepale kaunta, nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, na kila nailoni nikaipuliza kama puto kutafuta tundu. Foleni nyuma yangu inanung'unika. Safari hii simu aliiweka chini.