Ubao wenye uvungu wa fundi wa Kibirizi: tathmini baada ya msimu wa upepo

Kwa mtu anayejiandaa kwenda masafa marefu majini akiwa amelala kifudifudi juu ya ubao na kuvuta maji kwa mikono miwili, bila kafi wala injini, ubao wenye uvungu unaotengenezwa na fundi mmoja wa mitumbwi pale Kibirizi ndicho chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kuvipata hapa Kigoma, pamoja na uzito wake unaochosha nchi kavu na kizibo chake ambacho nitakilalamikia baadaye. Nimeutumia tangu upepo wa kusini ulipoanza kuvuma mwezi wa Mei, sambamba na ubao wa kujaza upepo ulioletwa kutoka Dar es Salaam, na maoni haya yametokana na kuvilinganisha vyombo hivyo viwili katika maji yaleyale.

Kilichotuingiza katika habari ya mbao hizi ni Catalina Classic, mbio za bahari za huko California ambazo sisi waogeleaji wachache wa hapa mjini tumekusudia kuupiga umbali wake katika Ziwa Tanganyika Jumapili ya mwisho ya Agosti, siku ambayo wenyewe huzifanya, kwa heshima ya waasisi wa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi. Mbio hizo huvuka bahari kutoka kisiwa cha Catalina hadi gati la Manhattan Beach, masafa ya kilomita 51 hivi. Zilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na mshindi alikuwa Tommy Zahn, zikakatika baada ya 1960, kisha zikafufuliwa mwaka 1982. Hata hivyo, chanzo chake ni cha zamani zaidi, kwa kuwa mwaka 1932 Tom Blake, Pete Peterson na Wally Burton walikuwa wamekwisha kuuvuka mkondo huo kwa mbao zao kutoka bara hadi kisiwani. Kwetu sisi, Hifadhi ya Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, kwa hiyo kwenda hadi mpaka wake na kurudi ni kilomita 32 tu, na kilomita 19 zilizobaki tumepanga kuzitafuta upande wa kusini, kwa kuipita ncha ya Bangwe na kurudi.

Huyo Blake ndiye sababu ya kumwendea fundi wa mitumbwi badala ya kuagiza ubao wa kiwandani. Kabla yake, mbao za kuchezea mawimbi zilichongwa katika gogo zima na zilikuwa nzito mno. Mwaka 1926 alianza kuupunguza uzito huo kwa kutoboa matundu mengi katika ubao na kuufunika juu na chini kwa mbao nyembamba, na baadaye akaacha kabisa habari ya gogo, akaunda fremu yenye mbavu za kukingama ndani na kuifunga kwa ngozi ya mbao, mtindo aliopewa hataza yake mwaka 1932. Nilipomwonyesha fundi mchoro wa ubao huo hakuhitaji maelezo marefu, maana mtu aliyezeeka akipanga mataruma, yaani mbavu za ndani, ya maboti ya dagaa anaona mara moja kwamba hiki ni chombo kama vile anavyoviunda yeye, ila kimefungwa juu. Alichouliza ni uzito wangu, mahali kifua kitakapolala, na kama nitakwenda nao nje ya ghuba au nitazunguka karibu na ufuko. Swali hilo la tatu halikuulizwa na yeyote kati ya wauzaji wa mjini niliowahi kuzungumza nao, wala mimi mwenyewe sikuwa nimelitafakari.

Jibu langu lilibadilisha umbo la ubao. Nilikuwa nimechora omo, yaani ncha ya mbele, iliyolala, kama ilivyo katika picha za zamani, naye akakataa. «Mwalimu, mawimbi yetu ni mafupi na yanafuatana, omo ikilala itachimba,» alisema, akainyanyua kwa kiasi cha upana wa kiganja. Alikuwa na haki. Mawimbi ya ziwa, hata yanaposukumwa na upepo wa kusini uliosafiri juu ya sehemu kubwa ya urefu wa ziwa wa kilomita 673, huja yakiwa yamekaribiana kuliko yale ya baharini yanayotoka mbali, na ubao wenye omo ya chini huingia katika mgongo wa wimbi la mbele kabla haujamaliza kushuka wimbi la nyuma. Urefu wake ni futi 12, sawa na daraja la kawaida la mbio za Catalina, ambako pia lipo daraja la mbao zisizo na kikomo cha urefu. Mataruma ni ya paina, ngozi ni plaiwudi nyembamba, viungo vyote vimetiwa gundi na kukazwa kwa skrubu za shaba, na chini nyuma kuna pezi moja. Pezi hilo nalo ni deni kwa Blake, aliyelifunga kwenye ubao wa mawimbi mwaka 1935.

Majini, sifa kubwa ya ubao huu ni kwamba unaendelea kwenda baada ya mkono kutoka majini. Wapigaji masafa wanajua kwamba nguvu haziishii katika kuvuta tu, bali huliwa na ule muda mdogo kati ya mvuto na mvuto ambapo chombo chepesi kisicho kigumu hupunguza mwendo na kulazimisha mkono kuanza kazi upya. Huu haupungui haraka. Ukielekea kaskazini huku upepo ukiwa mgongoni, unaweza kupanda wimbi na kupumzisha mabega kwa pumzi mbili tatu kabla ya kuvuta tena, na hilo ndilo zoezi hasa linalohitajika kwa mbio za bahari, kujifunza kusoma wimbi litokalo nyuma bila kuligeukia. Kurudi kusini ni adhabu, na hakuna ubao utakaokuokoa na adhabu hiyo. Ni vyema pia ikumbukwe kwamba maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo huinua chombo kidogo kuliko bahari, kwa tofauti ya takribani asilimia mbili na nusu; ubao unakaa chini zaidi na mikono inafanya kazi zaidi, jambo ambalo mtu anayejiandaa kwa bahari halipaswi kumsikitisha.

Ubao wa kujaza upepo nitaupitia kwa haraka. Unakunjwa na kuingia katika begi, unapanda nao bodaboda, na kwa familia inayokwenda kupunga hewa ufukweni unatosha kabisa. Lakini hata ukijazwa mpaka pauni 15 kwa inchi ya mraba unajikunja katikati pindi mawimbi yanapoinua ncha zake mbili, na kwa kuwa unaelea juu sana, upepo wa ubavuni unaukokota utakavyo. Niliupeleka nje ya ncha ya Bangwe na sitarudia.

Sasa kasoro za ubao wa mbao. Ya kwanza ni uzito, kwani mtu mmoja anaweza kuuburuta kutoka majini lakini kuubeba hadi barabarani kunahitaji wawili. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kizibo. Chombo kilichofungwa pande zote kinahitaji tundu la kutolea maji yanayopenya, na tundu hilohilo ndilo la kutolea hewa, kwa maana ubao ukiachwa juani hewa iliyomo ndani hupata joto, hutanuka na kusukuma viungo hadi gundi iachie. Jua la Kigoma la saa saba halihitaji muda mrefu kufanya kazi hiyo. Kizibo alichoweka fundi ni cha mbao, nacho kikilowa huvimba na kugoma kutoka, yaani hukwama wakati uleule unapotaka kukifungua. Mshono wa upande wa tezi, yaani nyuma, uliachia kwa sababu hiyo. Fundi aliukalafati upya na kuupaka epoksi bila kudai malipo, jambo lililonifurahisha, lakini alichukua muda mrefu kuliko alivyoahidi, kwa kuwa ilikuwa siku za giza, usiku usio na mwezi ambao ndio wa kuvua dagaa, na maboti ya dagaa yaliyohitaji matengenezo yalitangulizwa. Simlaumu kwa kuwapa kipaumbele watu wanaolishia familia zao vyombo hivyo, ila mteja ajue hivyo kabla ya kupanga ratiba ya mazoezi. Siku hizo hizo za giza, maji ya mbele ya Kibirizi alfajiri hujaa maboti yanayorudi na mzigo, na mtu aliyelala juu ya ubao haonekani kwa urahisi. Fulana yenye rangi kali na kusogea mbali na njia yao ni lazima.

Nyongeza moja ambayo sikuiomba ni kamba aliyoizungusha ubavuni mwa ubao kuanzia omo hadi tezi, kwa ajili ya mtu mwingine kushika. Aliniambia kwamba chombo kisicho na mahali pa kushika mtu anayezama, yeye hakihesabu kuwa chombo. Hakuwa amesikia habari za Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea wa 1912 na 1920, ambaye tarehe 14 Juni 1925 alikwenda na kurudi kwa ubao wake katika mawimbi ya Corona del Mar, California, na kuwaokoa watu wanane baada ya mashua iitwayo Thelma kupinduka. Kamba hiyo inaongeza ukinzani kidogo majini, nami nimeiacha ilivyo. Bado ninasisitiza kwamba haichukui nafasi ya boti la kusindikiza, ambalo Catalina humlazimu kila mshiriki kuwa nalo, wala ya jaketi la kuokolea, katika ziwa ambalo kina chake hufika mita 1,470.

Gharama ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi laki saba, vifaa vikiwemo, nusu ikalipwa mwanzoni na nusu siku ya kuuchukua. Fundi hana kibao wala duka. Ukifika mahali maboti ya kwenda Gombe yanapopakia abiria, uliza anayeunda maboti ya dagaa karibu na maji na utaelekezwa. Mweleze mapema kwamba unataka kizibo cha shaba chenye hesi, yaani cha kukaza kwa kuzungusha kama skrubu, badala ya cha mbao, ulipie tofauti hiyo, na uombe aongeze tundu la pili upande wa omo ili maji yatoke upande mmoja huku hewa ikiingia upande wa pili. Wangu nimeshaurudisha kwake kwa kazi hiyo, na ameniahidi kuukamilisha mwezi utakapokuwa mkubwa na maboti yakiwa yamepumzika.